Mashua Iliyopinduliwa

Habari ilimkuta Nabe akiwa na kisu mkononi. Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, ndani ya banda la mnada wa samaki katika mji wa bandari wa Itoman, naye alikuwa akimkatakata jodari kwa ajili ya mama mmoja mwenye mkahawa. Reiko, mke wa mwanawe, alisimama kando yake akifunga vipande kwenye karatasi. Mara Eikichi, ambaye ni mwana wa Nabe na mume wa Reiko, akatoka katika ofisi ya ushirika wa wavuvi alikokuwa karani. Uso wake ulikuwa mweupe kama wali uliosahaulika chunguni.

"Mama," alisema, "meli ya mizigo imepiga redio. Wameona mashua ya mbao magharibi ya visiwa vya Kerama. Imelala tumbo juu. Hakuna mtu."

Kifurushi kilimponyoka Reiko, jodari akatawanyika kwenye sakafu iliyolowa. Banda zima likanyamaza, hata mnadishaji aliyekuwa katikati ya bei akafunga mdomo. Hakuna aliyehitaji kuuliza ni mashua ya nani. Bandarini ilikuwa imebaki moja tu ya mbao, sabani ya mzee Ganaha Zenko, mume wa Nabe, iliyopakwa mafuta ya maini ya papa kwa miaka arobaini, na tangu Jumanne haikuonekana mahali pake.

Nabe hakutetemeka. Alimaliza kukata, akapanga vipande vilivyobaki, akamkabidhi yule mama wa mkahawa kwa mikono miwili na kumshukuru kwa kununua kwake. Kisha akakifuta kisu pande zote mbili.

"Amepindua mwenyewe," alisema.

Eikichi akadhani hakusikia vizuri. Mama yake akarudia, taratibu, kama anayemweleza mtoto njia ya kwenda dukani. Upepo ulizidi, basi baba yake akaipindua mashua kwa makusudi, ndivyo wanaume wa zamani walivyofanya. Sabani ikilala tumbo juu mawimbi hayaipati, unaishikilia ubavuni mpaka dhoruba ipite, halafu unaigeuza, unakumba maji, unaendelea na safari yako.

"Kwa hiyo ulijua yuko baharini?" Eikichi aliuliza. "Uliniambia amekwenda kaskazini kwa binamu yake."

"Na chakula alifungiwa na nani, paka?"

Watu wote walisikia. Reiko, ambaye ni mzaliwa wa Osaka na alikuwa na miaka kumi na mmoja katika nyumba ile, hakuwahi kumsikia mama mkwe wake akisema uongo hata wa kumridhisha mgeni. Leo alikuwa amekiri uongo mkubwa mbele ya mnada mzima, na sauti yake haikupanda wala haikushuka.

Chanzo cha yote kilikuwa zege. Bandari ilikuwa inapanuliwa, na mashua za zamani ziliamriwa kuondoka kwenye mteremko kabla mwezi haujaisha, la sivyo mashine ingezivunja. Barua ya amri ilipigwa chapa na Eikichi mwenyewe, kwa sababu ndiyo kazi yake, na akaileta nyumbani kwa mkono wake kuokoa stempu. Zenko aliisoma, akaikunja, akaiweka chini ya buli. Alikuwa na miaka sitini na saba. Huko kisiwa cha Kume alimjua fundi mashua mzee mwenye banda kavu, aliyekubali kuihifadhi. Sabani hupigwa makasia na watu wanne, basi akawaendea wenzake watatu wa zamani. Mmoja goti halikunjiki, mmoja alimcheka, na wa tatu alikuwa ameshakufa tangu Agosti, Zenko amesahau. Kwa hiyo akatweka tanga peke yake.

*

Wavuvi wa pale wana desturi isiyoandikwa popote na isiyovunjwa na mtu. Chombo kikipotea, hakuna anayevua. Mashua zote hutoka kutafuta kwa siku tatu, kila mtu kwa mafuta yake, na hakuna atakayekutajia mafuta hayo maishani mwake. Ilikuwa kilele cha msimu wa jodari. Mashua arobaini na moja ziligeuza pua magharibi, na banda la mnada likafungwa.

Wanawake walipika. Waliweka vyungu vya wali pale pale bandani, wakafinyanga matonge na kuyapanga kwenye masanduku ya samaki yaliyosuguliwa. Reiko alifinyanga mpaka viganja vikawaka. Kila mashua iliporudi kujaza mafuta, Eikichi alikuwa pale gatini akiinama mpaka paji la uso likakaribia magoti, akisema samahani kwa usumbufu, asante kwa taabu, samahani kwa usumbufu. Hadi Ijumaa jioni sauti ilikuwa imekauka, akawa anainama bila maneno. Reiko alimwonea huruma.

Siku ile ile ya Ijumaa Tobaru, baba wa watoto wawili, alibanwa mkono na winchi ya mashua yake katika mawimbi makubwa. Alirudishwa na vidole viwili vimevunjika. Nabe alikwenda kupiga magoti mbele ya mke wa Tobaru. Mwanamke huyo akamwambia si kitu, si kitu, lakini alisema akiwa anatazama pembeni.

Kilichowashangaza watu zaidi ni kwamba Nabe hakulia. Alitoa godoro la Zenko akalianika juani. Aliloweka maharage ya soya ya kutengenezea tofu anayoipenda mumewe. Alipoulizwa hali alijibu kwamba mzee atakuwa na njaa akifika, na atakuwa mkali, maana akiwa na njaa hasemezeki. Wanawake walitazamana. Yule mama wa mkahawa alimnong'oneza Reiko kwamba maskini, akili imemruka, na bora aandaliwe mapema. Jirani mwingine alileta ubani wa maiti, akauweka mlangoni akaondoka haraka kama mtu aliyeiba. Nabe aliuokota, akauliza ni nani amesahau ubani wake.

"Mama," Reiko alimwambia wakiwa wawili jikoni, "na kama hakupindua mwenyewe?"

"Nimelala na huyo mtu miaka arobaini na tano," Nabe alijibu. "Nikimsikia anavua viatu najua kama amekasirika. Unadhani sitajua amekufa?"

Jumamosi saa nane mchana alikuja Maeshiro, mwenyekiti wa ushirika, amevaa shati jeupe la msiba. Shati tu lilitosha kusema yote. Alipiga magoti kibarazani, akaeleza kwa maneno mengi ya adabu kwamba kesho mashua zitarudi kazini. Kisha akatoa leso mfukoni, akaifungua. Ndani kulikuwa na jiwe la ufukweni, la ukubwa wa ngumi, limeoshwa vizuri.

Reiko alikuwa amekaa pale miaka ya kutosha kujua jiwe lile ni la nini. Asiyepatikana mwili huzikwa jiwe. Makaburi ya mji ule yamejaa mitungi yenye mawe tangu vita, na mmoja wa mitungi hiyo una jina la kaka yake Nabe. Eikichi aliweka mikono yote miwili usoni, na mabega yake yakaanza kucheza.

Nabe alilipokea jiwe. Alilipima kiganjani, akaligeuza, akacheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, cha mtu aliyeletewa zawadi ya kufaa.

"Ahsante, bwana mwenyekiti. Nilikuwa natafuta jiwe la kukandamizia figili."

Akaenda nalo jikoni, akaliweka juu ya kifuniko cha mtungi wa figili za chumvi, akarudi kumwongezea mgeni chai. Maeshiro alibaki ameduwaa na leso tupu mkononi. Akaondoka bila kunywa, na njiani, watu walisema baadaye, alikuwa akijifuta macho kwa leso ile ile.

Saa tisa na nusu kipaza sauti cha bandari kikakoroma. Kwa kawaida hutangaza bei, dhoruba na watoto waliopotea. Msichana wa ofisini alianza kusoma, akashindwa, akaanza tena. Ganaha Zenko yuko hai. Amefika kisiwa cha Tonaki kwa kupiga kasia, mlingoti umevunjika, yeye mzima.

Mji ulipiga kelele. Eikichi alikimbia bila viatu hadi gatini, akarudi, akakimbia tena bila kujua anakwenda wapi. Wanawake waliangukiana shingoni. Reiko alimtafuta mama mkwe wake akamkuta uani, analigeuza godoro upande wa pili ili lipate jua.

"Nilisema," Nabe alimwambia. Ndipo machozi yakamtoka, na hakuyafuta.

*

Zenko alirudi Jumapili kwa feri, viganja vimechubuka na midomo imepasuka kwa chumvi. Mashua aliiacha Tonaki ufukweni, imefunikwa turubai. Watu walimpokea kama bwana harusi. Nyumbani milango ya karatasi iliondolewa yote ili chumba kiwe kimoja, na kufika saa sita mchana walikaa watu thelathini, na wengine kibarazani. Kulikuwa na mchuzi wa mbavu za nguruwe na mwani, tofu, jodari mbichi, na pombe ya mchele katika mitungi mikubwa. Tobaru alikuja na mkono wake uliofungwa bandeji. Maeshiro alikaa kando ya mwenye nyumba, na mara mbili aliomba radhi kwa lile jiwe. Watu wakacheka, Nabe akacheka kuliko wote.

Siku hiyo Nabe alikuwa mrefu. Reiko hakupata neno lingine. Wanawake waliomwonea huruma sasa walikuja mmoja mmoja kumwambia kwamba yeye peke yake ndiye aliyejua. Alikaa mahali pake pa kawaida, karibu na nguzo, sufuria ya mchuzi mbele yake na upawa mkononi, akigawa bakuli baada ya bakuli.

Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Walimsifu Zenko, wakamjazia, wakasema wanaume wa aina yake wamekwisha, sasa wamebaki watu wa injini na rada. Naye, ambaye kwa kawaida ni mtu wa maneno sita kwa siku, akaanza kusimulia. Alisimulia upepo ulivyogeuka, tanga lilivyopasuka, na jinsi alivyoipindua mashua kwa bega lake kabla bahari haijampindua yeye. Wazee waligonga magoti kwa furaha. Alikuwa ameishikilia tangu alfajiri ya Alhamisi, na kulipokucha vizuri ile meli ya mizigo ikatokea.

"Ilinipita karibu, nikasoma hata maandishi ya ubavuni," alisema. "Nikaona mtu na darubini."

"Hukumpungia mkono?" Maeshiro aliuliza, akitabasamu bado.

"Nimpungie ili iwe nini? Angenichukua mimi, mashua angeiacha." Zenko alicheka, akapiga funda. "Nilivuta pumzi nikazama, nikaibukia chini ya mashua. Mle ndani kuna hewa tele. Nikakaa kimya mpaka mlio wa injini ukaisha."

Alikuwa akingoja wacheke. Hakucheka mtu. Mahali fulani kibarazani bakuli liliwekwa chini.

"Alhamisi," Maeshiro alisema.

"Alhamisi, ndiyo."

"Ulijificha."

Tobaru aliutazama mkono wake uliofungwa kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyemwomba amshikie. Kisha akainuka, akamshukuru Reiko kwa chakula, akavaa viatu. Aliyefuata aliinuka, na wa tatu. Hawakugomba, hawakusema neno la shutuma. Waliinama mlangoni kwa adabu kamili, na adabu hiyo iliwakata watu wa nyumba ile kuliko matusi. Dakika kumi baadaye chumba kikubwa kilikuwa na bakuli nyingi na watu wanne. Eikichi alikuwa ameinamisha kichwa, masikio mekundu.

Reiko aligeuka amsaidie mama mkwe wake, na alichokiona kilimtisha. Nabe alikuwa ameulaza upawa juu ya mkeka, umejaa mchuzi, na mchuzi ulikuwa ukienea taratibu kwenye nyasi zilizofumwa. Yeye aliyemgombeza Reiko mwaka wa kwanza kwa tone moja la chai. Aliutazama mchuzi ukienda, na macho yake hayakuwa na mtu ndani.

*

Jumatatu Nabe aliweka chumvi kwenye chai. Jumanne alikwenda mnadani, akasimama mbele ya jodari na kisu, hakujua aanzie wapi, akarudi nyumbani. Ukimwita alikutazama kwa upole kama abiria anayeulizwa tiketi. Alikula akilishwa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekunjwa nusu muda wote, kama unaoshika mpini wa kitu kisichokuwepo. Daktari alimpima, akasema mwili mzima hauna kasoro, ni mshtuko, apumzike.

"Amechoka tu," Zenko alisema. Yeye naye alikuwa hatoki. Alijaribu mara moja kwenda kwenye ukuta wa bandari wanakokaa wazee wenzake, wakampisha nafasi kubwa kuliko anayohitaji mtu mmoja, akarudi.

Majirani hawakuhitaji daktari. Pale mtu akishtuka sana roho yake humdondoka, hubaki pale pale alipotishikia, na isipoitwa kurudi mwenyewe hunyauka. Reiko alipokuja kutoka Osaka aliyacheka mambo hayo, kwa siri. Jumatano alikwenda mwenyewe kumwita bibi Kamado, jirani wa miaka themanini na minne, mvutaji sigara, kiziwi wa sikio moja, na mkali kwa masikio yote mawili.

Roho ilidondoka wapi? Kila mtu alijua. Ilidondoka mnadani, Alhamisi ile, habari ilipokuja. Basi bibi Kamado akapiga magoti kwenye sakafu ya banda katikati ya wanunuzi wa samaki, na bakuli la wali uliofurishwa, na kanzu ya Nabe ya kazini, na kokoto tatu zilizookotwa hapo hapo. Akaliita jina la Nabe, akaisihi roho ifuate kanzu mpaka nyumbani. Watalii wawili walipiga picha. Eikichi alitamani ardhi impasukie, lakini alisimama pale mpaka mwisho. Walirudi bila kugeuka nyuma, kanzu ikafunikwa mabegani mwa Nabe. Nabe akasema ahsante, kama unavyomshukuru mtu wa posta.

Bibi Kamado akawasha sigara.

"Nimeita mahali patupu. Haikuwepo pale. Halafu mimi si wa nyumba hii. Anayeita ni mtu wa ndani, mkubwa kwake kwa umri."

"Mkubwa kwake ni baba peke yake," Reiko alisema.

"Basi msumbueni huyo. Mimi magoti yangu yameisha."

*

Mchana ule Reiko aliosha bakuli za karamu ambazo zilikuwa bado zimerundikana. Alipofika kwenye upawa akasimama. Aliushika kwa mkono wa kulia, akaona jinsi vidole vinavyokunjika nusu. Maji yalibaki yanatiririka bombani. Wote walikuwa wamekosea, na yeye alikuwepo mara zote mbili, kifurushi kilimdondoka yeye wala si mama mkwe wake.

Zenko alikuwa kibarazani ananoa kisu ambacho kilikuwa kimeshanolewa. Mke wa mwana hasemi na baba mkwe isipokuwa kwa habari za chakula na maji ya kuoga. Reiko alipiga magoti, akafuta mikono kwenye aproni.

"Baba, roho ya mama haikudondoka mnadani."

Zenko aliendelea kunoa.

"Alhamisi mkono wake haukutikisika. Alimaliza samaki wake, akamshukuru mteja. Hakushtuka, baba. Alijua uko hai. Alimcheka Maeshiro na jiwe lake."

"Sasa ilidondoka wapi?"

"Hapo." Reiko alionyesha ndani, kwenye doa la mchuzi karibu na nguzo. "Uliposema ulizama."

Kisu kilisimama juu ya jiwe la kunolea. Reiko aliinamisha kichwa akingoja kufukuzwa, hata alishafikiria nguo zipi angebeba kwenda Osaka. Zenko aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Aliwaambia wote nipo hai?"

"Siku tatu. Walimwita kichaa."

"Na mimi nilikuwa..." Aliweka kisu chini.

"Sikumfikiria," alisema. "Ile meli ilipokuja. Ningesema nilimfikiria nikashindana na moyo, ningekuwa nadanganya. Niliifikiria mashua tu."

Reiko alimwambia kinachohitajika: wali, kanzu, kokoto tatu za pale pale ilipodondoka. Zenko akatazama mikeka. Chini ya mikeka kuna mbao, na chini ya mbao ndiko kuna ardhi. Akashuka uani, akalala kifudifudi, akaingia chini ya nyumba kwa viwiko, mzee wa miaka sitini na saba, anakohoa vumbi. Jirani mmoja aliyekuwa anaanika nguo alisimama na shuka mikononi akatazama. Mzee alijua anatazamwa, maana miguu yake ilikuwa nje, lakini hakutoka mpaka alipofika chini ya nguzo na kuokota kokoto tatu.

Walimkalisha Nabe kibarazani. Zenko alipiga magoti mbele ya lile doa, akaweka wali, akaweka kokoto, akaikumbatia kanzu. Akakohoa.

"Wewe," alisema. "Ee. Rudi."

"Jina, baba," Reiko alinong'ona. "Roho haitajua ni yeye."

Katika miaka kumi na mmoja Reiko hakuwahi kulisikia jina hilo kinywani mwake. Wanaume wa rika lake humwita mke kwa kukohoa, au kwa kugonga kikombe. Shingo ya Zenko ilikuwa nyekundu. Eikichi alikuwa amefika kutoka kazini, akasimama mlangoni na mkoba wake, hakuthubutu kuvua viatu.

"Nabe," Zenko alisema. Kisha kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Nabe. Meli niliiona, nikajificha. Wewe ulikuwa unawaambia watu niko hai na mimi nimejificha. Nabe, nimekosa. Rudi nyumbani."

Aliita mara tatu. Ya mwisho ilitoka vibaya, imepasuka katikati. Akainuka na kanzu, akaivuka sakafu bila kugeuka, akaiweka mabegani mwa mkewe, na mikono yake haikujua iende wapi baada ya hapo, ikabaki juu ya mabega hayo.

Nabe alitazama uani. Akautazama mkono wake wa kulia, akaukunjua kidole kimoja kimoja. Halafu akageuza shingo akamtazama mumewe, na safari hii macho yalikuwa na mwenyewe ndani, na mwenyewe huyo hakuwa amefurahi.

"Una utando wa buibui kichwani," alisema.

Eikichi alikaa chini pale pale mlangoni. Reiko alishika mdomo kwa mikono yote miwili. Zenko hakuutoa utando, aliinama tu, akainama zaidi, mpaka paji la uso likagusa mbao, na akabaki hivyo. Nabe alimwacha hivyo kwa muda ambao Reiko aliona ni mrefu mno. Kisha akajikaza, akasimama, akafunga mkanda wa kanzu.

"Lile jiwe lililo juu ya mtungi wa figili si letu," alimwambia. "Lioshe. Tunaanza kwa Maeshiro, halafu kwa Tobaru."

"Nyumba zote?" Zenko aliuliza kutoka sakafuni.

"Arobaini na moja. Mimi nitainama. Wewe utasema."

"Niseme nini?"

"Ulichowaambia Jumapili ukicheka. Sasa ukaseme bila kucheka."

Zenko alikwenda jikoni, akaliosha jiwe chini ya bomba kwa chumvi, mara mbili, akalikausha kwa taulo. Alipotoka nalo amelishika kwa mikono miwili, Nabe alikuwa ameshafika barabarani, anatembea mbele.